Bafta ya Kupimia Picha

Haroub Mkadam alikuwa fundi wa projekta, zile mashine za kurusha picha ukutani, na kwa muda mrefu karakana yake ilikuwa kitanda alicholala na mkewe. Mashine aliiweka juu ya mto, akaielekeza kwenye mlango wa kabati, na picha ikatokea pale penye rangi ya maziwa, baina ya kitasa na stika ya tembo aliyoibandika binti yao Shadya alipokuwa mdogo. Yusra, mkewe, alivumilia. Alivumilia bisibisi ndani ya shuka, alivumilia vumbi la mashine za skuli, alivumilia hata ile siku aliyokwenda kabatini kutoa baibui akajikuta amesimama katikati ya mwanga, mistari ya kijani imemchora uso mzima, na mumewe anamuomba asitikisike kwanza kwa sababu picha imo mbioni kukaa sawa.

"Baba Shadya," alisema Yusra, kwa sauti ya chini ambayo Haroub aliiogopa kuliko ukelele, "mimi nna mume au nna sinema?"

"Mume."

"Basi sinema itafutie nyumba yake."

Nyumba yao ya Kikwajuni ilikuwa ya vyumba viwili, na cha pili alilala Shadya na vitabu vyake. Zamani Haroub alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya kukodisha vyombo vya mikutano na harusi. Mwenye kampuni alipohamia Dar es Salaam na vyombo vyake vyote, Haroub alibaki na ujuzi na mkoba wa bisibisi. Kazi hazikumpungukia. Mahoteli yana projekta, skuli zina projekta, siku hizi hata vyuo vya Kurani vina projekta, na projekta na hewa ya chumvi hazipikiki chungu kimoja. Lakini kuitengeneza mashine ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuijaribu na kuilinganisha, na hiyo inataka giza, meza isiyocheza, na mbele yake pahala peupe palipo wima. Mashine ikikaa upande, picha hufunuka juu na kubana chini kama pakacha, na mheshimiwa anayehutubia hutoka na kichwa kipana na miguu ya mbu.

Ndipo alipomkumbuka shangazi yake.

Bi Mwanamkasi, dada wa marehemu baba yake, alikaa peke yake Kiponda, ghorofani, katika nyumba iliyojengwa na babu yake Haroub. Alikuwa mfupi, mpana, na mwenye dirisha. Ukisema Bi Mwanamkasi watu wa kichochoro kile walikuwa wakiona dirisha kabla ya kumuona yeye: pale alikaa tangu asubuhi, pale aliteremsha kikapu kwa kamba kununua mchicha na samaki, na chini yake hakupita mtu asiyeulizwa anakwenda wapi na kwa nini jana hakupita. Chumba cha chini kilikuwa ghala tangu enzi za karafuu. Ukikifungua, harufu ilikupokea mlangoni kama mwenyeji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunitazama au umekuja kutaka kitu?"

"Vyote viwili."

Alimueleza. Bi Mwanamkasi alisikiliza huku akichambua mchele, akauliza kama mashine hizo zinalipuka, akauliza kama Yusra kamfukuza, akajibiwa hapana kwa yote mawili, akaamini moja.

"Chumba kichukue," alisema. "Lakini usinipigie msumari ukutani. Ukuta ule kaujenga baba yangu kwa mawe na chokaa, haujapata kutiwa msumari tangu uwe ukuta."

Haroub alitoa vyungu vya zamani, kitanda cha besera kisichokuwa na mguu mmoja, na magunia yaliyokwisha kuwa vumbi. Ukuta wa ndani aliupaka chokaa mara mbili mpaka ukawa mweupe kama jino la mtoto. Madirishani alitia mapazia mazito meusi. Meza aliisimamisha katikati, na kwa kuwa sakafu iliteremka kuelekea mlangoni, alitia vipande vya ubao chini ya miguu mpaka tone la hewa ndani ya pimamaji likatulia kati. Meza aliipima. Ukuta hakuupima, kwa sababu ukuta ni ukuta.

Mashine ya kwanza kuingia ilikuwa ya hoteli moja ya Mbweni, na aliyeileta ni Nadir, msimamizi wa ukumbi wao, kijana nadhifu anayezungumza kama anayemuomba radhi kila mtu. Haroub aliifungua, akaisafisha lenzi, akabadilisha taa, kisha akarusha ukutani picha yake ya kupimia, mistari iliyokatana kama wavu wa samaki na duara katikati. Mistari ilikuwa imelala kidogo. Akaigeuza mashine, akabonyeza hiki, akakaza kile, mpaka duara likawa duara na kila mstari ukasimama. Ilikuwa picha nzuri. Aliita mpaka shangazi aje aione, naye akasema mistari ameiona, sasa filamu inaanza saa ngapi.

Baada ya harusi ya mwanzo, Nadir alipiga simu.

"Samahani sana, fundi. Picha imelala."

"Imelala vipi?"

"Bibi harusi bega moja liko juu. Mama wa bibi harusi amesema tumemharibu mwanawe, kamtoa kwake akiwa mnyoofu."

Haroub aliiendea mashine, akairudisha Kiponda, akaiwasha. Mistari imesimama kama askari. Akampigia Nadir kwamba haina kitu, labda iliwekwa vibaya. Ikarudi Mbweni. Safari hii ulikuwa mkutano wa madaktari wa meno, na madaktari wote walitazama taya la mgonjwa likiwa limepinda wakajadiliana kwa urefu sababu za taya lile kupinda mpaka mmoja akagundua kwamba hata maandishi yamepinda.

Haroub hakuwa mtu wa hasira, lakini alikuwa na heshima yake kazini. Alichukua pimamaji na timazi, uzi wenye risasi nchani ambao waashi hupimia kuta, akaenda Mbweni kuthibitisha kwamba ukuta wa hoteli ndio mbovu. Aliupima juu, akaupima chini, akaupima ubavuni, Nadir amesimama nyuma yake akiomba radhi kwa niaba ya ukuta. Ulikuwa wima. Waliojenga walijenga.

Alipofika Kiponda aliingia chumbani, akapanda kiti, akauning'iniza uzi kutoka juu ya ukuta wake mweupe. Risasi ilishuka, ikayumba, ikatulia. Baina ya uzi na ukuta, kule chini, mkono wa mtu mzima ungepita na bado ukabaki na nafasi ya kupunga.

Kumbe mashine zote alikuwa akizipinda yeye mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa, ili zifanane na nyumba ya babu yake.

Sasa hapo angelinyamaza. Mtu mwenye busara angelinyamaza, akatafuta dawa kimyakimya. Lakini Haroub alikuwa amefurahi kuijua sababu, na furaha haina mlinzi. Alitoka mpaka ngazini akaita.

"Shangazi."

"Naam."

"Ukuta umelala."

Kisha zikasikika kandambili zikishuka ngazi, moja moja.

"Sema tena."

"Ukuta wa nyumba, shangazi. Umepinda. Nimeupima, huu hapa uzi."

Bi Mwanamkasi hakuutazama uzi. Alimtazama yeye.

"Nyumba ya babu yako imepinda?"

"Kidogo."

"Nyumba aliyozaliwa baba yako. Nyumba tuliyotolewa sote harusi. Wewe umeingia na pazia zako nyeusi juzi, leo unaiambia imepinda."

"Siiambii nyumba, shangazi, nnakwambia wewe."

"Ndo vibaya zaidi," alisema, akapanda ngazi. Alipoteremka tena alikuwa na baibui, mkoba, na chupa yake ya chai. Alikwenda Mtoni kwa binti yake Muzdalifa, na mlangoni aliagiza kwamba hatorudi mpaka nyumba inyooke au Haroub apinde.

Yusra alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta machozi akasema lazima waende Mtoni kuomba radhi, wote wawili, na halua mkononi. Wakakubaliana waende siku ya Alkhamisi magharibi, shangazi akiwa amepoa. Mchana wa siku hiyo Haroub alitaka kwanza aumalize mtihani wake wa ukuta, kwani Nadir alikuwa na harusi nyingine na sauti yake kwenye simu ilianza kupungua radhi.

Dawa alikuwa ameshaipata. Ukuta hauwezi kunyooshwa, lakini kitu kinachoning'inia hakidanganyi. Angefunga ubao juu, kwenye boriti, kwa kamba bila ya msumari, akaning'iniza kitambaa cheupe, na chini akakitia ubao mwingine wa kukivuta. Nguo ingeshuka wima kama timazi, nyumba ilale itakavyo. Akaenda Darajani kwa Abrahman, muuza nguo, mtu mpole anayemjua kila mtu wa Kiponda.

"Nataka bafta," alisema Haroub.

Pale Unguja bafta, ile nguo nyeupe ya pamba, inashonwa kanzu za ndani na hukatwa sanda, lakini mtu akiingia dukani peke yake, uso umemshuka, akataka bafta wala hakuuliza bei, muuzaji haanzi kufikiria kanzu. Abrahman aliweka kando kikombe chake.

"Pole sana, bwana."

"Nshapoa," alijibu Haroub, akidhani anapewa pole ya jua. "Wiki nzima nnahangaika, lakini leo nshaamua. Bora yaishe."

"Ndivyo. Kuchelewesha si vizuri." Abrahman alishusha jora taratibu. "Mrefu?"

Haroub aliifikiria picha yake. "Si mrefu. Lakini mpana."

Abrahman alimjua Bi Mwanamkasi tangu utoto. Alikata nguo bila ya kuinua macho.

"Saa ngapi?"

"Baada ya alaasiri, kukishapoa. Mchana huu chumba kile hakikaliki."

"Tutakuwa pamoja," alisema Abrahman, akaikunja bafta kwa mikono miwili. Haroub alishangaa kidogo kwamba muuza nguo anataka kuja kutazama projekta, lakini akafurahi.

Kichochoroni alikutana na Bi Amne, jirani wa nyumba ya mbele. Bi Amne alimuona Haroub na bafta kwapani, na mbao ndefu mbili begani. Akainua macho: dirisha la Bi Mwanamkasi, lililokuwa halijapata kufungwa mchana tangu lichongwe, lilikuwa limefungwa. La chini lina pazia jeusi.

"Haroub mwanangu," alisema, "yuko wapi bibi yetu? Simuoni dirishani."

Haroub aliona haya. Mambo ya ugomvi wa nyumbani hayatangazwi njiani.

"Katangulia, Bi Amne," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi na Yusra tutamfuata."

Bi Amne akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Haroub akaingia ndani, akafunga mlango, akavuta mapazia ili apate giza, akaanza kazi.

Kufunga ubao kwenye boriti bila ya msumari, peke yako, juu ya kiti kinachosimama kwenye sakafu ya mteremko, si kazi ya kuifanya huku umetega masikio. Alisikia nyayo nje, hakuzijali. Alisikia majamvi yakitandikwa. Alisikia sufuria kubwa ikiburutwa nyumba ya mbele. Kamba ya pili ilipokaza ndipo alipotulia, na katika utulivu ule akasikia sauti za wanaume, nyingi, za chini, zikisoma Yasin chini ya dirisha lake.

Kuna maiti mtaani, alijisemea, na mimi nimejifungia na mashine. Watu watasemaje. Akanawa uso, akavaa kofia, akafungua mlango.

Baraza ya nyumba imejaa. Kabla hajatia mguu nje, Mzee Tahir, mkubwa wa kichochoro, aliinuka akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akupe subira, mwanangu."

"Amin. Na nyinyi pia."

Wakamfuata wengine, mmoja mmoja, kila mkono unabana kuliko uliopita. Haroub aliwekwa pahala pa kati. Hapo ndipo taabu yake ilipoanza, kwa sababu alikuwa hajui kafa nani, na kila pole aliyoipokea ilizidi kulifanya swali kuwa gumu. Utamuulizaje mtu aliyekukumbatia? Akaamua kuwapitia majirani kwa macho. Mwenye duka la pembeni yupo. Abrahman kaja kutoka Darajani, mwenye fadhila. Bi Amne analia ndani kwake, sauti yake inajulikana. Aliyekosekana ni Mzee Duni, ambaye kifua kilimsumbua tangu mwezi uliopita. Haroub akainamisha kichwa. Maskini Mzee Duni. Alikuwa mtu mzuri, ila alikopa pampu ya baiskeli akasahau kuirejesha. Haroub alikuwa bado anamsamehe pampu ile ilipoingia fimbo pembeni ya baraza, nyuma yake kikohozi, na nyuma ya kikohozi Mzee Duni mwenyewe.

"Pole, Haroub," alisema Mzee Duni, akikaa ubavuni mwake. "Sote njia ni hiyo hiyo."

Haroub aliipokea pole ile kwa taabu. Baadaye alimsogelea Mzee Tahir sikioni.

"Hivi, mzee, ilijulikana vipi?"

Mzee Tahir alimtazama kwa huruma. Huzuni, alijua, humtoa mtu akili.

"Si wewe uliyesema, mwanangu? Pumzika. Usijilazimishe kuzungumza."

Haroub akasoma pamoja nao, hajui anamsomea nani. Ndani ya nyumba ya Bi Amne mchele ulikuwa umeshatiwa motoni.

Yaliyotokea Mtoni wakati huo yalisimuliwa baadaye na marehemu mwenyewe, na yalisimuliwa mara nyingi. Bi Amne, kwa kilio chake, alimpigia simu Muzdalifa kumpa pole ya mama yake. Muzdalifa alikuwa anakanda unga wa chapati. Simu ikachukuliwa na aliyekaa karibu nayo.

"Muzdalifa mwanangu," alisema Bi Amne kwa kwikwi, "pole. Mama katutoka."

"Mama wa nani?" aliuliza Bi Mwanamkasi.

"Mama yako, Bi Mwanamkasi."

Bi Mwanamkasi aliifikiria habari hiyo.

"Kafa lini?"

"Leo. Haroub keshanunua sanda."

"Nzuri?"

"Bafta, ya kwa Abrahman."

"Na anazikwa saa ngapi?"

"Baada ya alaasiri."

"Basi msimzike," alisema Bi Mwanamkasi. "Nisubirini, nnakuja."

Alikodi gari mpaka mwanzo wa kichochoro, pale gari zinapokomea, kisha akaja kwa miguu yake, taratibu, mkoba na chupa ya chai mkononi, Muzdalifa nyuma yake unga bado vidoleni. Aliyemuona kwanza ni Mzee Duni. Alikuwa katikati ya kikohozi, na kikohozi kikaisha. Kisha wakamuona wengine, usomaji ukapungua sauti moja moja mpaka akabaki Haroub peke yake, macho chini, akisoma kwa moyo.

"Assalaamu alaikum," alisema Bi Mwanamkasi.

Hakujibu mtu mara ile. Si adabu mbovu. Hakuna aliyewahi kufundishwa namna ya kuijibu salamu ile. Mzee Tahir, kwa kuwa ndiye mkubwa, alijitolea.

"Waalaikumu salaam, Bi Mwanamkasi. Hujambo?"

"Sijambo. Mna msiba?"

"Tulikuwa nao," alisema Mzee Tahir.

Haroub aliinua macho. Alimuona shangazi yake amesimama, alimuona Abrahman akimtazama yeye Haroub kwa jicho jingine kabisa, akaona nyuso za baraza zima zikimgeukia. Yote yakamuingia kwa pamoja, bafta, mrefu, mpana, katangulia, na akatamani ile sakafu ya mteremko imteremshe mpaka baharini.

"Nilisema nguo ya picha," alianza.

"Hukusema," alisema Abrahman kwa upole. "Ulisema mpana."

Bi Mwanamkasi alikwenda nyumba ya mbele. Wanawake walipomuona, wawili walipiga kelele, na Bi Amne alimkumbatia, akamsukuma, akamkumbatia tena. Naye alikaa juu ya jamvi la matanga yake, akazungusha macho, akatazama nani kaja na nani hakuja. Walikuja wengi. Alikuwapo hata mtu waliyenuniana naye tangu zamani kwa sababu ya kuku, na macho yake yalikuwa mekundu. Bi Mwanamkasi aliyatazama macho yale kwa muda, akasema, "Sogea hapa," akampa nafasi kwenye jamvi. Na wali ulipoiva alikataza usirudishwe. Alisema umepikwa kwa ajili yake, na maiti wangapi wanaonja wali wao. Alikula sahani nzima.

Alipomaliza kunawa alimwita Haroub.

"Naam, shangazi."

"Nataka kuiona sanda yangu."

Waliingia chumbani, yeye, Haroub, Yusra ambaye alikuwa ameshawasili na halua akiwa hajui acheke wapi, na wazee waliotosha mlangoni. Haroub aliiwasha mashine ya Mbweni. Bafta ilining'inia kutoka kwenye boriti, imetulia. Mistari ikaipiga. Haikukaa sawa mara ile. Ilikuwa bado imepindishwa kwa ajili ya ukuta. Haroub akarudisha alichokuwa amekikaza, kidogo kidogo, mpaka duara likawa duara na mistari ikasimama wima juu ya nguo.

Lakini mwanga ulikuwa mpana kuliko nguo. Kandokando ulimwagikia ukutani, na pale mistari iliyotoka kwenye bafta ikiwa imenyooka ilikatika, ikainama yote upande mmoja kama minazi ya pwani. Hapakuwa na haja ya kusema. Kila mtu aliona nyumba imelala vipi.

Haroub alingoja kelele. Bi Mwanamkasi aliukaribia ukuta, mstari wa kijani ukampita begani, akaweka kiganja chake juu ya chokaa.

"Nilikuwa nnajua," alisema.

Akaupapasa ukuta.

"Tangu ile masika ya mvua kubwa mlango wa juu haufungi. Nnaweka kiti. Yai nikiliweka mezani linakwenda zake. Nikasema ninyamaze, kwa sababu mtu akisema nyumba mbovu, wanakuja watu na karatasi, wanakutoa, wanakupeleka kukaa chumba cha mwanao, na ukitoka hurudi. Nimewaona waliotolewa." Akamgeukia Haroub. "Wewe ukaja na uzi wako ukaniambia ngazini, sauti juu, kichochoro kizima kinasikia."

Alipiga magoti akaushika mkono wa shangazi yake akaubusu.

"Nisamehe, shangazi. Sikujua."

"Umesamehewa. Ungelikuwa umenizika singelikusamehe."

Muzdalifa akaanza kulia pale mlangoni, kilio cha kweli safari hii, akisema mama muda wote huu unalala na kiti mlangoni wala husemi. Bi Mwanamkasi akamwambia anyamaze, matanga yameshakwisha.

Aliyeokoa mambo ni Mzee Tahir, aliyemjua fundi wa mawe wa Makunduchi aitwaye Mcha, mtu mzima aliyezoea nyumba za kale. Mcha alikuja baada ya sala ya Ijumaa. Hakuleta uzi. Aliigonga nyumba kwa kifundo cha kidole kuanzia chini mpaka juu, akitega sikio kama anayechagua dafu, Bi Mwanamkasi akimfuata nyuma chumba kwa chumba akiwa hapumui. Mwishowe Mcha akasema nyumba imelala, ni kweli, lakini imelala kama mtu mzima anavyolala baada ya kula: imekaa, haianguki. Kinachotakiwa ni kuziba maji yanayoingia kutoka paani, kuitia mhimili wa mawe upande wa nyuma, na mlango wa juu kuuranda. Kuhama hakuna haja.

Bi Mwanamkasi alimuuliza mara ya pili, amsikie vizuri. Kisha akapanda juu, na watu waliokuwa kichochoroni walisikia dirisha likifunguliwa.

Kazi ya mhimili ilichukua muda, na muda wote huo Mcha na Haroub waligombea kivuli, umeme na chai. Mcha aliitazama bafta akauliza kwa nini mtu ahangaike na nguo wakati yeye angemjengea ukuta wima. Haroub akamuonesha mistari. Mcha akakaa chini akaitazama picha ile ya kupimia mpaka chai ikapoa, akasema ni picha nzuri kuliko nyingi alizoziona kwenye televisheni, kwa sababu haina mtu anayezungumza.

Nadir alikuja kuichukua mashine yake asubuhi ya harusi. Haroub hakutaka kumuachia peke yake. Alikwenda naye mpaka Mbweni, akaiweka juu ya meza ya ukumbi, akaiwasha mbele ya ule ukuta wao wa wima. Akatokea bibi harusi, mabega yote mawili yako sawa, na mama yake, ambaye alikuwa anakagua maua, alisimama akamtazama mwanawe juu kule kwa muda mrefu.

"Mbona amekonda?" aliuliza.

Nadir alimuangalia Haroub, tayari kuomba radhi.

"Hilo si la mashine, mama," alisema Haroub. Akafunga mkoba wake wa bisibisi akaenda zake Kiponda, ambako skuli moja ya Bububu ilikuwa imeleta projekta iliyojaa siafu, na Bi Mwanamkasi alikuwa ameshaipokea kwa kikapu.